Amevaa nini?

Mama yule alikuwa ameshika kandambili moja ya mtoto, ya bluu, mkanda wake umechomoka. Alisimama karibu na hema la matangazo pale viwanja vya Nanenane, Nzuguni, Dodoma, jua la saa nane na vumbi la Agosti vikimpiga usoni, na kila baada ya muda alilitaja jina la mwanawe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita ndani aje kula.

Watu walishamzunguka. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama ndiye aliyeanza: "Sasa wewe mama ulikuwa wapi mpaka mtoto anapotea?" Akapokewa na mwanamke mwenye mtandio mwekundu: "Ni simu hizi. Wanawake wa siku hizi macho yote kwenye simu. Na mbona hata halii?" Mwingine akataka kujua kwa nini mtoto mdogo vile aletwe kwenye msongamano. Mama hakumjibu yeyote. Mkono wake mwingine ulikuwa na mfuko mweusi wenye miche ya mizabibu. Alikuwa akiilipia miche hiyo mtoto alipomtoka.

Kisha akapenya kijana wa bodaboda, kizibao chake bado kifuani.

"Dada, amevaa nini?"

Kelele zikakatika. Katika watu wote wale hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

"Fulana ya njano," mama akasema. "Kaptula ya jinzi. Mguu mmoja peku."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Hapa uwanjani alikuwa anapenda kitu gani?"

Hapo mama akamtazama kijana usoni kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe. Tangu asubuhi anataka turudi kwa ng'ombe."

Akakutwa huko, kwenye mabanda ya mifugo, ameng'ang'ania bomba la uzio mbele ya dume kubwa la aina ya Mpwapwa, mguu mmoja peku, hana habari na mtu. Baba yake alitokea wakati huohuo kutoka upande wa matrekta, na soda mbili mkononi. Mzee wa pama akampa mkono: "Pole sana baba. Mungu mkubwa." Halafu akamgeukia mama: "Na wewe ujifunze."

Hakuna aliyemuuliza baba alikuwa wapi.

Wale madaktari wa Uingereza

Kwenye daladala ya kurudi mjini, dada yangu mkubwa alisema, "Ni kama wale madaktari wa Uingereza, walioacha watoto wamelala wakaenda kula. Mtoto haachwi." Dada amelea watoto wake na wa wenzake, na hakusema kwa ubaya. Lakini kauli ile ilinikaa kichwani. Mwezi uliofuata, Septemba 2025, ikaja habari kwamba yule Mjerumani anayeshukiwa katika kesi hiyo, ya kupotea kwa mtoto Madeleine McCann, ametoka gerezani baada ya kumaliza kifungo cha kosa lingine, bila kufunguliwa mashtaka yoyote kuhusu mtoto huyo. Nikarudi kusoma upya.

Kisa cha Madeleine McCann wengi mnakijua, sina haja ya kukisimulia chote. Kilichonishika ni saa moja tu ya usiku ule wa tarehe 3 Mei 2007, katika mji mdogo wa pwani wa Praia da Luz, kusini mwa Ureno. Watoto watatu walikuwa wamelazwa: Madeleine, aliyebakiza siku chache kutimiza miaka minne, na wadogo zake pacha wa miaka miwili. Wazazi, Kate na Gerry, walikuwa wanakula na marafiki kwenye mgahawa wa palepale walipofikia, kama mita 55 ukipima moja kwa moja, mbali zaidi kidogo kwa miguu. Kila baada ya nusu saa hivi mtu alinyanyuka kwenda kuchungulia. Mlango wa kioo wa nyuma haukuwa umefungwa kwa ufunguo.

Baba alikwenda saa tatu na dakika chache, akawakuta wote. Karibu saa tatu na nusu akaenda rafiki yao. Akaingia ndani, akasikiliza, akaona kumetulia. Kutoka pale aliposimama hakukiona kitanda cha Madeleine. Akarudi mezani.

Saa nne akaenda mama. Pacha wamelala. Madeleine hayupo.

Nimekaa sana na yule rafiki wa saa tatu na nusu. Alifanya kile ambacho kila mzazi hufanya: ukisikia kimya chumbani kwa watoto, unajua wamelala, unarudi kwenye shughuli zako. Hakuna mzazi ninayemfahamu ambaye hajawahi kukiamini kimya cha namna hiyo.

Msimamo wangu nautoa wazi ili nisieleweke vibaya. Kuwaacha watoto watatu, wote chini ya miaka minne, kwenye nyumba isiyofungwa, hakukuwa sawa. Mita 55 ni chache kwa mtu mzima anayetembea akiwa na mwanga, lakini kwa mtoto aliyeamka gizani akiita mama, mita hizo ni nje ya dunia. Wazazi wenyewe wamesema hadharani kwamba wanajuta, na nawaamini.

Ila kumwacha mtoto ni jambo moja, na kumchukua mtoto wa mtu ni jambo lingine lenye mwenyewe. Haya mawili watu waliyachanganya mapema sana. Ilianza huruma, dunia nzima ikibandika picha ya mtoto mwenye doa kwenye mboni ya jicho. Baada ya miezi minne wazazi wakafanywa washukiwa rasmi na polisi wa Ureno, na hadhi hiyo haikuondolewa hadi Julai 2008 jalada lilipofungwa. Katikati ya hapo magazeti yaliandika yasiyoandikika. Kampuni moja ya magazeti ya Uingereza ililazimika kuomba radhi ukurasa wa mbele na kulipa pauni 550,000.

Na mwenye kuchambuliwa zaidi alikuwa mama. Nywele zake. Hereni. Namna alivyokishika kile kikaragosi cha paka cha mwanawe. Zaidi ya yote, kwamba halii mbele ya kamera, ingawa walieleza kwamba walishauriwa wasionyeshe hisia hadharani.

Mbona halii?

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu Nzuguni. Nimeyasikia kwenye misiba pia, wanawake wamekaa jamvini wakimpima mfiwa: huyu kalia, huyu hajalia, huyu ana lake jambo.

Australia walimfunga mtu kwa mzani wa namna hii. Agosti 1980 familia ya Chamberlain ilikwenda kupiga kambi Uluru, katikati ya nchi. Azaria alikuwa na wiki tisa tu. Mama yake, Lindy, alimlaza hemani kisha akarudi kwenye meko, hatua chache kutoka hapo, walipokuwa wanapika na wasafiri wengine. Kikasikika kilio. Alipokimbilia hemani alimwona dingo, mbwa mwitu wa kule, akitoka. Mtoto hayumo.

Watu walimtazama kwenye televisheni wakaona hatoi machozi ya kuwatosha. Ikaja mitaani kila aina ya hadithi, mpaka ya kafara. Mwaka 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua mwanawe, akiwa na mimba nyingine, na akajifungua akiwa mfungwa. Mwaka 1986 likaokotwa koti dogo la mtoto karibu na mapango ya dingo, lile ambalo mama alisema siku zote kwamba Azaria alilivaa. Akaachiwa. Hatia ikafutwa 1988. Mwaka 2012, miaka 32 baada ya usiku ule, mahakama ya uchunguzi wa vifo ikatamka rasmi kwamba mtoto aliuawa na dingo.

Azaria alikuwa karibu na wazazi wake wote wawili. Hakuachwa peke yake kwenye nyumba, hakukuwa na mgahawa.

Halafu kuna Ben Needham, mtoto wa Kiingereza wa miezi 21, aliyepotea Julai 1991 kwenye kisiwa cha Kos, Ugiriki. Huyu alikuwa kwa bibi na babu yake, akitoka na kuingia kwenye nyumba waliyokuwa wakiikarabati, mchana kweupe. Mama yake alikuwa kazini. Mwaka 2016 polisi wa Uingereza walisema wanaamini alikufa kwa ajali karibu na nyumba ile, ambako mashine ya kuchimba ilikuwa ikifanya kazi. Hadi leo hajaonekana.

Nilipofika kwa Ben nilifunga simu nikaenda kukaa nje. Kwa bibi ndiko tunakowapeleka wetu.

Huyu ni wa nani?

Ninavyoona mimi, swali la "ulikuwa wapi?" tunajiuliza sisi wenyewe kupitia yule mama. Kama alikuwa kwenye simu, na mimi simu sichezei nikiwa na watoto, basi wangu wako salama. Tukishapata kosa lake tunashusha pumzi. Ndiyo maana mzee wa pama aliendelea kumsema hata baada ya mtoto kupatikana. Alikuwa bado hajamaliza kujituliza.

Simlaumu kwa kuogopa. Tuliokuwa na watoto wadogo mwanzoni mwa 2019, habari za watoto waliouawa Njombe zilipotoka, tunakumbuka tulivyokuwa tunahesabu vichwa kila jioni. Hofu hiyo ina sababu.

Lakini kuna jambo limebadilika hapa kwetu ambalo hatulisemi. Nilivyokua Chang'ombe, hapahapa Dodoma, mtoto alikuwa na macho mengi juu yake. Mama ntilie anakujua, fundi baiskeli anakujua, ukionekana barabara ya pili unaulizwa, "We, mtoto wa fulani, unakwenda wapi?" Mama yangu hakuwa akituangalia kila dakika, alikuwa sokoni Majengo tangu alfajiri. Tuliangaliwa na mtaa mzima.

Siku za harusi tulilazwa kwenye godoro moja chumba cha nyuma, kumi na zaidi, na binti wa miaka kumi na miwili ndiye mlinzi, muziki ukipigwa uani. Leo ukimsimulia mtu wa Praia da Luz atashangaa. Ukimsimulia dada yangu hatashangaa, kwa sababu binti yule wa miaka kumi na miwili alikuwa yeye.

Tofauti ilikuwa watu. Hakuna mgeni angeingia chumba kile asiulizwe.

Sasa mkoa wa Dodoma umetoka watu milioni 2.08 mwaka 2012 hadi milioni 3.09 mwaka 2022. Serikali imehamia, Mtumba imejengwa, Ilazo, Kisasa na Iyumbu kumejaa kuta na mageti. Ninapoishi, Nkuhungu, jirani wa kulia katoka Kigoma, wa kushoto katoka Tanga, wa mbele simjui jina ila gari lake. Ni watu wazuri. Ila mwanangu akipita mbele ya geti lao peke yake saa kumi jioni, hawajui kama ni jambo la kawaida au la. Hawajui ni wa nani.

Na bado tunalea kwa mazoea yaleyale ya Chang'ombe.

Hapa ndipo mimi na dada tulipobishana kweli. Yeye anasema basi mzazi asitoe macho, mtaa haupo tena. Mimi nasema hakuna mama mwenye macho ya saa ishirini na nne, na mama wa Nzuguni aligeuka kulipia miche tu. Akiambiwa asigeuke kamwe, anaambiwa jambo lisilowezekana, na likitokea la kutokea atakuwa na hatia tayari. Na baba pale? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuandika kwamba ulinzi wa mtoto ni wajibu wa mama. Imeandika wajibu wa mzazi.

Daftari la mwenyekiti

Wiki chache baadaye nilikwenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa kwa shida nyingine, ya barua ya utambulisho. Nilipomtajia jambo hili akafungua droo akatoa daftari gumu, la zile za kaunta. Kurasa za nyuma ameziacha kwa ajili ya watoto waliopotea na waliookotwa. Mwandiko wake ni mzuri. Sehemu moja nimeisoma mara mbili: "Ameokotwa mtoto wa kiume, miaka kama mitatu, shati la shule lisilo lake, anakula vizuri. Anasema baba yake anaitwa Baba."

Nikamuuliza wazazi huja saa ngapi.

"Giza likiingia," akasema. "Mtoto katoweka saa tisa, mama anakuja kwangu saa moja usiku. Saa zote hizo anazunguka peke yake, anachungulia uani kwa watu kimyakimya. Ukimuuliza kwa nini hukuja mapema, anasema ataonekanaje."

Ataonekanaje.

Tangu siku hiyo nimeacha kubishana na dada kuhusu nani alikosea Ureno. Hoja yangu ni hii ya mwenyekiti. Uchunguzi ambao polisi wa London waliuanza mwaka 2011 kumtafuta Madeleine umekwishatumia zaidi ya pauni milioni 13. Mtoto wa Nkuhungu akipotea saa tisa alasiri ana nini? Ana mwenyekiti na wajumbe wake, kipaza sauti cha msikiti, vijana wa bodaboda kijiweni, wauza maji, mama wa genge. Ana sisi. Saa ya kwanza, kabla hata ya RB, ile namba ya taarifa ya polisi, kuandikwa kituoni, watafutaji ni umati uleule uliosimama. Umati ukigeuka kuwa baraza la kumhukumu mama, mtoto hana mtu anayemtafuta.

Na mama anayejua atahukumiwa haji mapema. Kuna wanaoamini pia kwamba polisi lazima wasubiri saa 24 zipite. Mtoto wa miaka mitatu hasubiriwi hata saa moja. Nenda kituoni, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Nenda ukiwa na picha ya leo asubuhi kama unayo, si ile ya ubatizo ya mwaka juzi. Sema nguo, sema viatu, sema alama, sema kitu anachokipenda. Ya malezi tutakuja kuyasema mtoto akiwa ameshakula na kulala, na tuyaseme kwa wazazi wote wawili.

Desemba

Shule zikifunga, wanangu wawili wanakwenda Mpwapwa kwa bibi yao, mama wa mume wangu, kama kila mwaka. Dada amesema wazi kwamba wake mwaka huu hawaendi popote. Nimemuelewa.

Mimi nilimpigia mama mkwe. Nilianza kwa kuzungukazunguka, maana huwezi kumuuliza mtu aliyelea saba kama anajua kuangalia watoto. Akanikata: "Mwanangu, sema." Nikasema. Nikamuuliza akienda shambani watoto wanabaki na nani, na wakienda kucheza wanafika wapi.

Kumbe naye alikuwa na lake. Yeye haogopi watekaji. Anaogopa korongo. Desemba mvua zikianza kule milimani, kijijini jua linawaka, watoto wanacheza kwenye mchanga mkavu, na maji yanashuka bila taarifa. Na kuna lambo la mifugo upande wa pili, kina chake hakionekani kwa sababu ya matope. Amekuwa akililia serikali ya kijiji liwekewe uzio. Mtoto wa jirani walimtoa humo mzima mwaka jana kwa sababu wachungaji walikuwa karibu. Alisema kwa utulivu kabisa, na mimi nikawa nasikia mapigo ya moyo wangu kwenye simu. Hofu yangu yote ilikuwa juu ya mtu mbaya, na siku zote hizo maji yalikuwepo.

Tumekubaliana hivi. Baba yao atasafiri nao na kukaa wiki ya kwanza, likizo ameshaiomba kazini. Siku za shamba, bibi atamwachia shangazi yao, na shangazi ameulizwa mwenyewe, hakupangiwa tu. Watoto watazungushwa nyumba za jirani siku wanayofika, wasalimie kila mtu kwa jina, ili kila nyumba ijue hawa ni wa nani. Mkubwa ameshakariri jina kamili la baba yake na namba ya simu. Mdogo bado anasema baba yake anaitwa Baba, tunaendelea naye kila jioni. Na mama mkwe ameniomba nimwandikie barua ya kijiji kuhusu uzio wa lambo, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kompyuta. Nimeiandika jana. Ataipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mume wangu atakuwepo kuisoma.